Gundi Iliyotua Kifuani mwa Tolba

Mzee Tolba alitapika damu baada ya chakula cha mchana, ndani ya beseni la kufulia la mke wake, na alipoinua kichwa neno lake la kwanza lilikuwa kwamba njiwa hawajaruka bado.

"Baba Raafat, unakufa!" mkewe Inshirah alimpigia kelele.

"Nikifa, wafungulieni alasiri," alisema Tolba. "Sukkara atangulie." Kisha akazimia.

Nilikuwepo. Nyumba yangu na yao zimeegemeana, na ukuta unaotenganisha mapaa yetu haufiki kiunoni. Mimi nashona sare za shule. Kitambaa nikishakifua nakianika juu, na tangu niolewe mtaani hapa njiwa wa Tolba wamekuwa wakiniongezea madoa ambayo mteja hakuyaagiza. Mume wangu alikufa akiwa bado anabishana naye habari hiyo. Kwa hiyo msinitarajie niwasifu ndege hawa. Naeleza yaliyotokea, basi.

Tolba alifanya kazi ya kusafisha mifereji ya mashamba mpaka alipostaafu. Kung'oa magugu, kuzoa tope, kutwa nzima maji mapajani. Hapa Kafr Abu Shawali mvulana wa rika lake aliyekuwa haogi mferejini alihesabiwa mgonjwa, na aliyeoga alipata kichocho. Damu chooni tuliichukulia kama kuota ndevu: ilikuja kwa wakati wake na hakuna aliyeitangaza. Tolba alitibiwa kwa vidonge akapona, na asubuhi iliyofuata akarudi kwenye maji yaleyale, maana ndiko mshahara ulikokuwa. Alitibiwa tena, akarudi tena. Kichocho naye hakuwa na haraka.

Moyo wake, hata hivyo, haukuwa mferejini. Ulikuwa juu ya paa, kwenye ghiya. Ghiya ni banda la mbao la njiwa, na lile la Tolba ni refu kuliko mnara wa msikiti wetu, limepakwa nyekundu na buluu, nalo huyumba upepo ukivuma. Nyumba yenyewe haijapakwa rangi tangu harusi. Inshirah alikuwa akilitaja jambo hili mara kwa mara.

Njiwa wa ghiya si wa kula. Wa kula hujazwa ngano tumboni, wakapewa bwana harusi na wagonjwa. Wa ghiya hupewa majina. Kila alasiri, kabla hawajalishwa, Tolba aliwafungulia na kupanda juu na fimbo ndefu yenye kitambaa cheusi. Akiizungusha fimbo, kundi linazunguka. Akiishusha na kupiga mluzi wake, wa vipande vitatu, kile cha mwisho kirefu, Sukkara anakunja mbawa na wote wanamfuata nyumbani. Sukkara ni jike la kijivu lenye jicho moja bovu. Alikuwa kiongozi wao, na nadhani Tolba alimsikiliza kuliko alivyomsikiliza imamu.

Ng'ambo ya barabara kuna ghiya nyingine, ya Mitwalli muuza mbolea, ambaye pia hufuga mabata uani. Makundi mawili yakikutana angani huchanganyikana, na yakigawanyika huwa kuna aliyepotea njia. Sheria ya wafuga njiwa ni moja na haina rufaa: ndege akitua kwako, ni wako. Mwaka juzi dume jekundu la Tolba lilitua kwa Mitwalli. Tolba alimtuma hata imamu akaombe.

"Kilichotua kwangu ni changu, shehe," Mitwalli alimjibu kutoka juu ya paa, mtaa mzima ukisikia. "Hata ingekuwa ndege ya abiria."

Tolba alikubali. Sheria ni sheria. Alikaa siku kadhaa bila kula, lakini alikubali.

Inshirah aliwachukia njiwa wale kwa bidii na kwa mpangilio. Aliyachukia manyoya kwenye mchuzi, mahindi yaliyopaswa kuwa ya kuku, na zaidi ya yote aliuchukia mluzi. Akigombana na mumewe hutoka barazani, akatia vidole viwili mdomoni na kuuiga, vipande vyote vitatu, ili majirani wasikie jinsi mtu mzima mwenye wajukuu anavyojiendesha. Tulicheka. Hata Tolba alicheka. "Kipande cha mwisho umekivuta mno," alikuwa akimwambia.

Basi, damu. Tulimpakia kwenye gari la mboga la jirani tukampeleka hospitali ya mjini. Nilikwenda kwa sababu Inshirah alikuwa ameshika mkono wangu na hakuonekana kuwa na mpango wa kuuachia.

Daktari aliyetupokea aliitwa Nashwa, mwanamke mfupi, miwani ikining'inia shingoni kwa kamba. Alieleza taratibu.

"Kichocho cha zamani kimelifanya ini lake kuwa gumu, mama. Damu inataka kupita pale, inakuta mlango umefungwa. Inarudi nyuma na kujazana kwenye mishipa ya tumbo. Mishipa imevimba, na mmoja umepasuka."

"Mtaushona?" niliuliza. Kila mtu na kazi yake.

"Haushoneki. Tutapitisha mpira mdomoni, wenye kamera na sindano, tudunge gundi ndani ya mshipa. Ikigusa damu inaganda palepale, inaziba."

Inshirah alinitazama. Nyumbani kwake kulikuwa na kiti ambacho Tolba alikitengeneza kwa gundi, na ndicho kilichomwangusha mposaji wa binti yao wa pili.

"Gundi ile ya viatu?" aliuliza.

"Ni binamu yake," alisema daktari. "Binamu aliyesoma."

"Na huyu aliyesoma, akipotea njia?"

Daktari alivaa miwani yake na kumtazama vizuri zaidi. "Umeuliza la maana. Mara chache punje za gundi huchukuliwa na damu kabla hazijatulia, zikaenda mpaka mapafuni. Kwa hiyo akikohoa, akibanwa kifua, akihema, niambieni. Hata yeye akisema ni vumbi."

Walimziba. Damu ilisimama, na daktari akasema kazi imekwenda vizuri, ila iko mishipa mingine iliyovimba, na mwezi ujao lazima arudi, nayo izibwe.

"Usipoziba ufa utajenga ukuta," alisema. "Na kwa tumbo la mzee huyu hatutapata nafasi ya kujenga ukuta. Umenielewa, baba?"

Tolba aliitikia kwa kichwa. Alikuwa anatazama dirishani, kuliko na jua.

Sasa hapa ndipo penye uhodari wa mume wa watu. Kikohozi kilikuwa kimeanza usiku uleule. Alikuwa nacho asubuhi daktari alipopita, na alijua kwamba akikohoa mbele yake hatarudi nyumbani kabla ya alasiri, na njiwa walikuwa hawajaruka tangu jana. Akakibana. Alikaza midomo, akavimba shingo, machozi yakamtoka.

"Unakohoa?" daktari aliuliza.

Alitikisa kichwa: hapana.

"Mbona unalia?"

"Namshukuru Mungu," alisema Tolba kwa sauti nyembamba.

Wakamruhusu. Alikohoa kuanzia getini mpaka Kafr Abu Shawali.

Alasiri hiyo alipanda kwenye paa. Nilikuwa juu naanua, nikamwona akisimama katikati ya ngazi na kushika ukuta, kama anayefikiri jambo. Alipofika aliwafungulia, akazungusha fimbo kidogo, na ulipofika wakati wa kuwaita akatia vidole mdomoni. Ilitoka hewa tupu. Akajaribu tena. Hewa. Njiwa waliendelea kuzunguka, na kule ng'ambo Mitwalli akainuka kutoka kwenye kiti chake kutazama vizuri. Mwishowe Sukkara alitua kwa uamuzi wake mwenyewe, maana alikuwa na njaa. Tolba aliketi chini sakafuni, akiwa ameshika ubavu.

"Vumbi tu, Mama Hamdi," aliniambia.

Jioni akaitwa Sabri. Sabri ni kaka yake Inshirah, ana duka la dawa karibu na kituo cha treni, na huvaa koti jeupe hata harusini. Alimpima Tolba homa, akasikiliza mgongo, akatazama dari, ambayo juu yake kulikuwa na njiwa.

"Dada, huu si ugonjwa wa tumbo tena. Haya ni mapafu ya wafuga njiwa. Yamo vitabuni. Vumbi la manyoya na kinyesi, mtu anavuta miaka, siku moja kifua kinasema basi."

"Daktari alisema akikohoa turudi," Inshirah alisema.

"Daktari anajua kwamba mumeo analala chini ya njiwa?"

"Hakuniuliza."

"Basi! Amwulize nani, njiwa? Mwondoleeni ndege hawa, mpeni dawa hii ya maji, wiki haitaisha atakuwa anapanda ngazi mbiombio."

Na kweli ugonjwa huo umo vitabuni. Sabri hakutudanganya. Alikosea mtu.

Inshirah alikuwa amemwomba Mungu sababu ya kuwaondoa njiwa kwa muda mrefu, na sasa sababu imeletwa mlangoni na mtu mwenye koti jeupe. Ningetegemea apige vigelegele. Lakini nilimkuta asubuhi ameketi juu ya gunia la mahindi chini ya ghiya, analia, huku Sukkara akimtazama kwa lile jicho lake zima.

"Wamemfanya nini mume wangu, wajinga hawa?" alisema. "Mimi nilikuwa nawachukia tu. Sikujua kwamba wanamla."

Hakutaka kuwauza. Aliona kuuza ni dhambi ya pili. Mitwalli akaja mwenyewe, amevaa sura ya msiba, akasema mgonjwa anahitaji supu nzito, na yeye ana mabata wanene. Yeye achukue mzigo wa njiwa, wao wachukue mabata, ujirani mwema. Inshirah akakubali. Hakuna mtu, alisema, aliyewahi kuharibiwa mapafu na bata. Tolba alikuwa chumbani chini na homa, dirisha limefungwa. Kundi zima likavuka barabara ndani ya matundu, likiwa limefunikwa kwa mashuka.

Jioni mgonjwa aliletewa supu ya bata. Alitazama bakuli kwa muda, kisha akala.

"Njiwa wamekula?" aliuliza.

"Wamekula," alisema Inshirah.

Kutoka siku hiyo Inshirah akawa anapanda juu kila alasiri na kopo la mahindi, akikanyaga kwa nguvu ili asikike, akamwaga mahindi kwenye paa tupu, akashuka. Shomoro wa mtaa walinenepa.

Lakini njiwa waliondoka, na kikohozi hakikupewa habari. Kiliongezeka. Homa ikapanda, akaanza kukatia maneno katikati ili avute pumzi, na asubuhi moja Inshirah aliona midomo yake imegeuka rangi kama ya zambarau. Sabri alikuja na chupa kubwa zaidi ya dawa ileile. Dada yake akaichukua, akaiweka dirishani, akafunga baibui.

"Njiwa hawapo," alimwambia. "Kama ni wao, mbona wanamla wakiwa ng'ambo?"



Mjini walimwekea hewa puani kabla hata hajaulizwa jina. Kisha wakampiga picha ya kifua katika ile mashine kubwa ya duara, na Daktari Nashwa akatuita, akaiweka picha mbele ya taa. Mapafu yalikuwa meusi, kama inavyopasa. Ndani ya weusi huo kulikuwa na vitone vyeupe vimetawanyika, vikali kama nukta za chaki.

"Hii ni gundi," alisema. "Tunaichanganya na mafuta yanayong'aa kwenye picha ili tuione inakokwenda. Tumeiona sasa. Imetoka tumboni, imepita moyoni, imefika huku, na juu yake pafu limeshika uchafu, ndiyo hiyo homa." Akamgeukia Tolba. "Baba, nilikuuliza kama unakohoa."

Tolba aliivuta barakoa ya hewa pembeni. "Alasiri... ilikuwa inakaribia," alisema.

Tolba alikuwa ameikazia macho picha.

"Wanaruka chini sana hao," alisema, akarudisha barakoa.

Nje ukumbini Inshirah aliegemea ukuta. Nilidhani anaanguka, nikamshika.

"Si njiwa," alisema.

"Si njiwa."

"Nimewatoa wanawe, Mama Hamdi. Nimewabadilisha na mabata."

Nilimwonea huruma mpaka nikasahau kwamba tangu njiwa waondoke vitambaa vyangu vilikuwa visafi.

Tolba alilazwa kwa muda mrefu kuliko alivyotaka na mfupi kuliko alivyotaka daktari. Walimpa hewa, sindano za kuua vijidudu, na amri ya kulala. Gundi yenyewe, daktari alisema, haitolewi; inaachwa, na mwili unazoea kukaa nayo. Pumzi ilirudi taratibu. Wakati huohuo Inshirah alivuka barabara mara mbili kumwomba Mitwalli awarudishe. Mara ya kwanza Mitwalli alisema biashara ni maneno ya wanaume. Mara ya pili alikuwa juu ya paa, na Sukkara begani.

"Mabata yangu yako wapi?" aliuliza.

Mabata yalikuwa yameliwa karibu yote.

"Basi, mama. Waliotua kwangu ni wangu. Sheria hii hata mumeo anaijua."

"Hawakutua! Niliwaleta kwa mkono wangu, kwenye matundu!"

"Ndiyo kutua kwa heshima zaidi huko," alisema Mitwalli.

Tolba alirudi nyumbani amekonda, anatembea kutoka kitandani mpaka uani na kupumzika, kutoka uani mpaka mlangoni na kupumzika. Ngazi alikatazwa. Inshirah akaendelea na kopo lake la mahindi. Tarehe ya kurudi kuzibwa mishipa iliyobaki ikakaribia, na siku mbili kabla yake, jioni, alimnyooshea kanzu ya safari akaitundika msumarini. Mimi nilikuwa pale nimeleta mkate.

"Ya nini hiyo?" Tolba aliuliza.

"Ya hospitali. Keshokutwa."

"Siendi."

"Gundi inakuogopesha? Daktari amesema safari hii watadunga kidogo kidogo, na watakulaza mpaka waone kifua kimetulia."

"Gundi haina neno. Imekuja kwangu, tumezoeana." Alinyamaza avute pumzi. "Siendi tu."

"Baba Raafat, mshipa ukipasuka tena hutafika hata getini! Umesikia alichosema?"

"Nimesikia."

"Sasa unataka kufa?"

"Sitaki. Lakini mtu haezeki paa la banda tupu, Inshirah."

Inshirah alikuwa bado ameshika pasi, na mvuke unatoka.

"Nani kakwambia?" aliuliza.

"Bata." Alisema bila hasira, na afadhali angekuwa na hasira. "Siku ile ya kwanza. Mtaa huu mwenye mabata wa mafuta namna ile ni mmoja tu, na Mitwalli hajawahi kumpa mtu kitu bure tangu azaliwe. Kisha nikasikiliza juu. Unapanda wewe, unashuka wewe, hakuna bawa."

"Na ukala?"

"Nilikula. Alikuwa mtamu." Akajilaza akageukia ukuta. "Ulifanya kwa ajili ya kifua changu, najua. Mimi ndiye niliyeficha kikohozi. Mwiba wa kujidunga hauna kilio. Zima taa."

Ilikuwa bado mapema, lakini Inshirah alizima taa. Tulisimama barazani, yeye na mimi. Kuna watu wanaosema wataacha kuishi ili wabembelezwe. Tolba hakuwa mmoja wao. Alikuwa mtu wa kusema jambo mara moja, kama alivyoniambia mimi kwamba doa la njiwa halitoki kwa sabuni ya unga, na kweli halitoki.

Kinachofuata kisingetokea kama Mitwalli angekuwa na subira. Njiwa mgeni hufungwa mbawa mpaka asahau alikotoka, na wale wa Tolba walikuwa na mengi ya kusahau. Mfugaji yeyote angengoja. Lakini Mitwalli alikuwa na kundi la adui wake zima na hakuna aliyeliona angani, na furaha isiyoonekana na jirani haikuwa furaha kwake. Alasiri ya kesho yake akawafungulia. Niliona kundi likiinuka, wake na wa Tolba kwa pamoja, Sukkara mbele, na Mitwalli chini anazungusha kitambaa chekundu kama siku ya maulidi.

Nilisikia hatua kwenye ngazi ya jirani. Nzito, za haraka. Inshirah alitokea juu bila viatu, bila kopo la mahindi. Alichukua fimbo ya mumewe pembeni mwa ghiya. Hakuwahi kuigusa maishani mwake. Ilikuwa ndefu na kitambaa cheusi kilimfunika uso kwanza, akatukana, akaiinua.

Kundi lilipopita juu yetu, aliishusha fimbo. Akatia vidole viwili mdomoni.

Vipande vitatu. Ulikuwa uleule mluzi wa kumdhihaki mumewe, uleule wa barazani, ila safari hii hakuna aliyecheka. Ng'ambo, Mitwalli alisimamisha kitambaa chake. Kisha naye akapiga wa kwake, mkali, na kundi likapasuka katikati, likaungana, likapasuka tena. Inshirah alipiga wa pili, na pumzi ikamwishia kabla ya kipande cha mwisho. Uso ulikuwa mwekundu na machozi yanatiririka, sijui ya juhudi au ya mengine. Nilijikuta nimesimama juu ya beseni langu la nguo, nimeweka mkono kifuani, nikisema, "Ewe Mola, mlete yule chongo." Mimi, wa kuwaombea njiwa.

Wa tatu ulitoka mzima. Kipande cha mwisho alikivuta, akakivuta, mpaka nikadhani atazimia.

Sukkara alikunja mbawa.

Wakaja nyuma yake wote, mvua ya mabawa juu ya ghiya, juu ya ukuta, juu ya vitambaa vyangu vya sare. Wengine hawakuwa hata wa Tolba. Nilitambua wawili wa manjano wa Mitwalli mwenyewe, na dume jekundu la mwaka juzi, limenenepa.

"We mama!" Mitwalli alikuwa ukingoni mwa paa lake, anataka kuruka na yeye. "Mama Raafat! Hao ni wangu!"

Inshirah alijipangusa uso kwa kitambaa cheusi cha fimbo.

"Kilichotua kwangu ni changu, Mitwalli," alimjibu, mtaa mzima ukisikia. "Hata ingekuwa ndege ya abiria."

"Na mabata yangu?"

"Mabata yako yamo tumboni mwa Tolba. Kesho daktari anapitisha mpira wenye kamera. Njoo uchungulie."

Chini barabarani mtu alianza kucheka, kisha watoto, kisha mtaa. Halafu Mitwalli, na hili nampa haki yake, akateremsha kitambaa chake na kukizungusha kwenye fimbo. Sheria haina rufaa.

Tulishuka. Tolba alikuwa ameketi uani chini ya ngazi, mkono juu ya kidato cha kwanza. Hakuvunja amri ya daktari, lakini alikuwa ameisogelea sana. Midomo ilikuwa inamcheza.

"Kipande cha mwisho," alisema, akavuta pumzi, "umekivuta mno."

"Kesho unakwenda kuzibwa," alisema Inshirah.

"Nani atawaruhusu kuruka?"

"Mimi. Na kesho, mpaka turudi, hawaruki, wanafungiwa na Mama Hamdi anawapa maji."

Hakuna aliyeniuliza. Nilikubali kabla sijajua nimekubali nini.

Mwishowe niliwapa njiwa maji alfajiri, kisha nikafuatana na Tolba na mkewe, kwa sababu ya ule mkono wa Inshirah usioachia wangu. Kabla ya kumziba walimpiga picha ya kifua tena, na Daktari Nashwa akaiweka mbele ya taa ileile. Uchafu ulikuwa umeondoka. Vitone vyeupe vilikuwa pale, kila kimoja mahali pake.

"Havitatoka hivi?" Inshirah aliuliza.

"Havitatoka, mama. Vitakaa humo maisha yake yote. Ila havimdhuru tena, ukimkataza ngazi."

Inshirah aliisogelea picha mpaka pua ikakaribia kuigusa. Aliitazama kwa muda mrefu, kichwa amekiinamisha upande, kama nilivyomwona Tolba akitazama mbingu mara nyingi.

"Haya," alisema. "Kilichotua kwake ni chake."

Daktari hakuelewa, akadhani ni dua, akasema amina. Tolba alivua kanzu, akaikunja, akampa mkewe, akauliza kama watamaliza kabla ya alasiri.